Mahali pa Kuzika Kondo

Mama Zainabu wa Makina, hapa Kibera, alipofariki nilikwenda kukaa na wanawake wa kwao. Kwa Wanubi wanawake hawafiki kaburini, kwa hiyo wanaume walipolibeba jeneza sisi tulibaki uani, tumekalia mikeka, tunakula gurusa, mikate yao myembamba, na mchuzi, na Hadija binti yake akawa ananisimulia habari za mwanawe anayetafuta kitambulisho. Ameambiwa alete karatasi ya babu wa babu yake. "Huyo babu amelala hapo chini, Mama Atieno," Hadija akasema. "Mzungu alimtoa Sudani akampa bunduki, vita vilipokwisha akamwambia kaa hapa. Sasa nimfukue wamuulize wenyewe?" Wanawake wakacheka kile kicheko cha matangani kinachokatika haraka. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa naangalia ule mlimau wa Mama Zainabu, na udongo mweusi chini yake, na nilikuwa nimerudi mwaka wa tisini na saba, nilipokuja kusimama chini ya mlimau uleule nikiomba kipande cha ardhi kisichotosha hata kuku kulala.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi na wa mvua zilizokataa kukatika. Nilikaa Lindi, hukuhuku Kibera, chumba cha udongo na mabati, na kazi yangu ilikuwa kupokea watoto. Hospitali zilikuwa zimeanza kulipisha kila kitu, hata pamba, kwa sababu watu wa suti kutoka ng'ambo walikuwa wameiambia serikali yetu ipunguze mkono, na mkono ulipopunguzwa akina mama wakaja kwangu. Watoto wote niliowapokea nawajua kwa majina mpaka leo. Okello wa Mama Risper aliyetanguliza mguu. Mwende wa Kavata, muuza mboga. Mapacha wa Nafula, Mukhwana na Mulongo, waliozaliwa huku jirani amefungulia redio kwa sauti ya juu. Na kila mtoto nilimwekea kondo lake la nyuma. Sisi Wajaluo tunaliita biero, na mtu akitaka kujua kwenu ni wapi atakuuliza biero yako imezikwa wapi. Katika nyumba ya kupanga huwezi kulizika, na kulitupa chooni ni kumtupa mtoto. Kwa hiyo nilikuwa nalitia chumvi na majivu makavu, naliweka katika mkebe wa mafuta ya kupikia, nafunga kifuniko kwa kitambaa, na mtu wa kwanza anayesafiri kwenda kwao mtoto anapewa mkebe aupeleke kwa bibi. Sijui kama wakunga wengine walifanya hivyo. Mimi nilifanya hivyo, na mikebe yangu ilifika Busia, ilifika Kitui, ilifika Homa Bay.

Jumamosi nilikuwa na kazi nyingine. Nilitembea hadi Kawangware, kwenye ploti ya Mzee Karanja, kuwapikia wanaume. Mzee Karanja alikuwa mwenyeji wa pale kabisa, mtu wa kanisa, mwenye vyumba vya kupangisha vilivyozunguka ua wenye migomba, na nyuma ya migomba alikuwa na stoo ya mahindi aliyoiacha wazi kwa ajili ya mkutano. Mkutano wenyewe haukuwa na jina. Walikuja watu waliokimbia kwao, na wengine ambao hawakukimbia popote ila maisha yaliwakimbia. Alikuwepo Tesfaye wa Ethiopia, mpole, anayekunywa kahawa bila sukari kama anajiadhibu. Alikuwepo Kizito wa Uganda, na Mzee Lual wa Sudani ambaye magoti yake yalifika kidevuni akikaa kwenye kigoda. Alikuwepo Otieno wa kwetu, karani wa serikali aliyepunguzwa kazi, bado anavaa tai. Na alikuwepo Faustin, mwalimu kutoka Bukavu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kola imeanza kuchanika. Walikuwa wanaiunganisha Afrika. Nilikuwa nasonga ugali kwenye jiko la mlangoni na kusikia yote: jinsi Wazungu walivyokaa mezani wakaikata kama keki, jinsi bendera zilivyoshuka na nyingine zikapanda lakini mlingoti ukabaki wa yuleyule, jinsi deni lilivyo mnyororo usiolia. Faustin akiongea hata sufuria niliifunika polepole. "Mupaka ni nini?" alikuwa akiuliza. "Ni mustari. Nani aliuchora? Si babu yangu. Si babu yako." Na Otieno anajibu, "Sema, mwalimu, sema."

Kila Jumamosi ilikuwa zamu ya chakula cha mtu mmoja, nami nilifundishwa kupika vya wote. Siku ya ugali Kizito alinung'unika. "Sisi kwetu hii ni posho, ya wafungwa na wanafunzi," alisema, na Otieno akamwambia, "Basi kula, wewe ni vyote viwili." Mzee Lual alikuwa anamaliza na kunyoosha sahani aongezewe. Mara nyingine Mzee Karanja mwenyewe aliingia, anakaa pembeni na kofia yake, anasikiliza. Alikuwa amewekwa kizuizini na Waingereza akiwa kijana kwa ajili ya mashamba, na wale wanaume walimheshimu kwa hilo kuliko kwa ile stoo. Nchi ya Faustin, Zaire, ilipobadilishwa jina akiwa hapa Nairobi, aliingia akasema, "Nimelala Muzairwa, nimeamuka Mukongo, na karatasi yangu haina habari." Wakacheka wote. Mzee Karanja akacheka mpaka akakohoa.

Mke wa Faustin aliitwa Espérance. Mwanzoni alikuwa hatoki chumbani mwao, humohumo kwenye ploti, chumba cha tatu kutoka bombani, lakini miezi ya baridi ilipofika akaanza kuja kunisaidia kumenya viazi, kwa sababu ya joto la jiko. Alikuwa na mimba. Kiswahili chake kilinifurahisha, na changu kilimfurahisha, hivyo tulikuwa tunachekana. "Hawa banaume," alisema siku moja akielekeza kisu stooni, "banaunganisha Afrika kila siku ya Posho, lakini Faustin hawezi kuunganisha mulango na bawaba yake." Siku ya Posho kwao ni Jumamosi. Siku nyingine akaniuliza kondo huwa naliweka wapi. Nikamwambia habari ya mikebe. Akaacha kumenya. Akanieleza, bila kulia, kwamba mtoto wao wa kwanza alizaliwa msituni wakati wa kukimbia, watu wanapita na vitanda vichwani, na kondo lilibaki njiani chini ya majani, na mtoto naye hakufika. "Alikosa pahali pa kushika," alisema. "Huyu, Mama Atieno, nataka ashike. Si kuiba udongo wa mutu. Mwenyewe akubali, aseme ndiyo, hapa." Nikamwambia nitamwombea udongo. Nilikuwa na akili timamu na nilijua ninaahidi nini. Mkunga haibi ardhi. Udongo unaombwa kwa mwenyewe, na mwenyewe nilikuwa naye, kila Jumamosi, ameshika kofia.

Nilichagua siku yenye chakula kizuri. Tulikuwa tumepika ndizi za Kizito na nyama kidogo, watu wameshiba, na Faustin alikuwa amemaliza kusema kwamba mtoto wa Kiafrika azaliwe popote Afrika na popote pawe kwao. Nikaona neno lenyewe limefungua mlango. Nikaifuta mikono, nikaingia, nikapiga goti kidogo kama tunavyofanya kwetu tukiomba, nikamwambia Mzee Karanja kwamba huyu mama atajifungua karibuni, kwao kuna vita, na tunaomba tu pale nyuma ya migomba, shimo la kiganja, tuzike kondo. Nilidhani ataniuliza lini. Aliiweka sahani chini.

"Mama Atieno," alisema, "wewe ni mkunga. Unajua unachoniomba. Ungeniomba chumba cha bure ningefikiria."

"Ni shimo tu, mzee."

"Si shimo. Kwetu mahali kondo lilipo ndipo mtu husimama akasema hapa ni kwetu. Na kwenu ni hivyohivyo, usinidanganye." Hakuwa na hasira. Alikuwa anazungumza polepole, kama mtu anayevuka mto kwenye mawe. "Mzungu alikuja kwa baba yangu kuomba mahali pa kusimamisha hema. Hema tu, apumzike. Akapewa, kwa sababu mgeni hanyimwi. Nilipozaliwa mimi, baba yangu alikuwa kibarua kwenye shamba hilo. Nimelala ndani ya seng'enge ujana wangu wote kwa ajili ya hema hilo."

"Lakini mimi si Muzungu, mzee," Faustin akasema.

"Najua. Wewe ni mtoto wangu, kula chakula changu, kaa nyumbani kwangu. Lakini hema ni hema, mwalimu. Vigingi vyake huingia ardhini vilevile."

Nakumbuka ukimya ule kuliko maneno yao yote ya mwaka mzima. Kizito aliangalia ndizi zake. Tesfaye alikunja mkono wa shati, akaukunjua. Otieno, mwenye tai, ambaye angeweza kubishana na redio, aliangalia nje. Ndipo nikaelewa jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote: katika wanaume wote waliotaka Afrika iwe moja, mwenye udongo alikuwa mmoja tu. Wengine wote walikuwa wapangaji. Hata mimi. Faustin alisimama, akasema asante kwa chakula, akaenda chumbani kwake. Mlangoni palikuwa na Espérance, ameshika beseni la vyombo, amesikia yote. Aliinama akaanza kuosha sahani ya Mzee Karanja kwanza.

Leo mimi ni mzee kuliko alivyokuwa Mzee Karanja siku ile, na nimejaribu kumchukia nikashindwa. Kila nikilipindua lile jambo, naona alikuwa na haki, na Espérance alikuwa na haki, na haki hizo mbili hazikutosha katika ua mmoja. Nani aliyezibana hivyo? Wanaume wangesema mkoloni. Labda. Mkoloni alikuwa ameondoka zamani, na sisi tulikuwa pale, wenyewe kwa wenyewe, tunanyimana shimo la kiganja.

Misako ya wageni ilikuwa imeanza tangu miezi ya baridi, ikapoa, ikarudi na mvua. Jumamosi moja ugali ulikuwa bado jikoni. Askari waliingia uani bila kupiga kelele, wakasimama mlangoni mwa stoo, wakasema vitambulisho. Otieno alitoa chake. Tesfaye na Mzee Lual hawakuwa na chochote, wakasimama tu. Kizito hakuwa amekuja siku hiyo, na sikumwona tena maishani. Faustin alitoa karatasi yake mfukoni, imekunjwa vizuri.

"Hii ni ya wapi?" askari akauliza.

"Zaire, afande."

"Zaire iko wapi?"

"Imekuwa Kongo."

"Kwa hiyo umeniletea karatasi ya nchi ambayo imekufa," askari akasema, na mwenzake akacheka, na ninaapa hata Faustin alitabasamu kidogo, kwa sababu ule ulikuwa mzaha wake mwenyewe. Mzee Karanja alikuja mbio kutoka nyumba kubwa na shati halijafungwa. Alivua kofia yake. Yule mzee, mwenye ploti, aliyefungwa na Waingereza asipige goti, alishika kofia kwa mikono miwili mbele ya vijana wa rika la wajukuu zake, akasema hawa ni wapangaji wangu, ni watu wa amani, mimi nawajua. Wakamwambia ashukuru Mungu hawamchukui na yeye kwa kuficha wageni. Akabaki ameshika kofia. Askari mmoja akageuka jikoni, akatuona mimi na Espérance. "Na nyinyi?" Nikamjibu mimi ni wa Lindi, mpishi. "Na huyu?" Nilijua akifungua kinywa tu, Kiswahili chake kitampeleka. Nikasema, "Ni mdogo wangu. Ni bubu." Espérance akainamisha uso. Faustin, na Tesfaye na Mzee Lual mbele yake, alikuwa anapita nyuma ya askari kuelekea lori lao, na hakumwangalia mkewe hata mara moja. Alipita kama mtu anavyompita mpishi asiyemjua. Hiyo ndiyo kwaheri yao, na mimi ndiye shahidi.

Basi Espérance akaja kukaa nami Lindi, akawa bubu. Ndani tulinong'ona, nje hakusema. Watoto wa ploti wakamwita Shosho Bubu, kama bibi kizee, ingawa alikuwa msichana, akina mama wakamwonyesha vitu kwa vidole wakiongea kwa sauti kubwa kama kwamba ni kiziwi pia. Kavata akamletea sukuma wiki, akaniambia, "Huyu dada yako ni mrembo, pole yake." Wengi nadhani walijua. Kibera hakuna ukuta, kuna mabati, na mabati hayafichi mnong'ono. Lakini kujua ni kitu kimoja na kusikia ni kingine, na ilimradi hakuna aliyesikia, hakuna aliyelazimika kujua.

Sikufikiria uchungu wa kuzaa. Mimi, mkunga, sikuufikiria. Ulimshika mchana, mvua inapiga mabati, maji mekundu yanapita mlangoni kama mto, na nikamshukuru Mungu kwa kelele ya mvua. Alijizuia muda mrefu, ameuma kanga yangu. Ila mtoto alikaa vibaya kidogo, na nilipompindua, mama yake akaachia, akamwita mama yake kwa lugha ya kwao, kisha kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili chao kile, na wakati huohuo mvua ikanyamaza. Mnajua mvua ya Nairobi inavyonyamaza ghafla. Ploti nzima ilisikia. Sauti ya Kavata ndiyo ya kwanza niliyoipata nje. Alisema taratibu, kama anajisemea mwenyewe, "Kumbe bubu anaongea." Mtoto akalia. Alikuwa msichana, mzima, nywele nyingi. Kwa kuwa alikuja na mvua nikamwita Akoth. Mama yake akamwita Nabintu, jina la bibi yake. Akawa Nabintu Akoth, na nikalitia kondo lake chumvi na majivu, nikafunga mkebe, nikausukuma chini ya kitanda, nikakaa kitandani nikijiuliza ni msafiri gani wa kumpa.

Hapo ndipo nilipokwenda Makina. Mama Zainabu hakuniacha nimalize. "Lete," alisema. "Pale kwenye mlimau. Mimi mwenyewe wananiita mgeni na babu yangu amezikwa hapa, basi mgeni amzikie mgeni." Akaniitia chai, akamwambia Hadija atafute jembe. Ila kaka yake, Mzee Ramadhani, alikuwa barazani na mwenzake wakisikia, akaingia. Naye hakuwa mkali. Akasema kesi yao ya ardhi iko mbele ya wakubwa, na wakubwa wanasema hawa wa Makina si wa hapa, walikuja tu. "Tukizika kondo la Mkongo leo, kesho kutwa itasemwa Wanubi wanaigawa Kibera kwa wakimbizi. Mama Atieno, sisi wenyewe tumeazimwa hapa. Kitu cha kuazimwa hakiazimwi." Mama Zainabu akamjibu kwa Kinubi maneno ambayo sikuyaelewa lakini nikayaona yalivyomchoma. Hakubadilika. Hadija alikuwa amesimama na jembe, hajui aliweke wapi. Mama Zainabu akanisindikiza mpaka msikitini, ameshika mkono wangu, na njia nzima alikuwa anasema, "Ngoja kidogo tu. Nitamlainisha. Ngoja kidogo." Nikangoja. Kulikuwa na kitu kingine cha kufanya?

Sijui nani alikwenda kusema kwa askari. Sijawahi kutaka kujua, kwa sababu lazima awe mtu ninayemjua kwa jina. Walikuja asubuhi, nilikuwa Laini Saba kutafuta maziwa, na Kavata alikuja ananifuata kwenye reli, viatu mkononi. "Mathe, rudi. Karao wako kwako." Nilipofika walikuwa wameshamtoa. Lori lilikuwa limesimama barabarani juu, pale gari linapoweza kufika, na limejaa watu, akina mama wengi na watoto, Wasomali, Waethiopia, wengine sikujua ni wa wapi. Espérance alikuwa ukingoni, mtoto kifuani. Niliingia ndani, nikatoa mkebe chini ya kitanda, nikapanda nao mbio kwenye matope. Askari aliyekuwa nyuma ya lori akauliza ni nini, nikamwambia ni cha mtoto. Akafungua kitambaa, akainusa ile harufu ya majivu na kitu kingine, akaurudisha kifuani kwangu kwa nguvu. "Peleka uchawi wako, mama." Nikaunyanyua juu ya kichwa chake nimpe Espérance. Hakunyosha mkono.

"Hapana," alisema. Alisema kwa sauti kamili, bubu wa ploti nzima, na watu wa Lindi wote wamesimama wanasikia. "Kule banatupeleka si kwetu. Itatupwa. Weka pahali pako, Mama Atieno. Pahali pako mwenyewe."

"Nitaweka."

"Sema jina yake wakati unaweka."

Lori likaondoka. Kavata alikuwa analia. Mimi nilikuwa nimeshika mkebe, na kitu nilichokuwa nafikiria, Mungu anisamehe, ni kwamba mtoto hajavaa soksi.

Nilisafiri nyumbani nao mwenyewe, upande wa ziwa, nimeupakata. Mama mkwe wangu, Min Omolo, alikuwa hai bado, amekauka kama kuni lakini jembe analishika. Nikamwambia nimeleta biero. Akauliza ya nani. Nikamwambia ya mjukuu. Akaniangalia muda, kwa sababu alijua watoto wangu wako wangapi na umri gani, kisha akasema, "Chimba kwa kina. Mbwa wa Oduor hawana adabu." Hakuuliza zaidi. Mwanamke aliyeolewa ana haki ya kuzika biero ya wajukuu katika boma la mume wake, hiyo ndiyo ardhi pekee niliyokuwa nayo duniani, na ilikuja kwangu kwa kuolewa. Nilichimba nyuma ya nyumba, upande wa bondeni, nikamwaga, nikafukia, nikalisema jina lote. Nabintu Akoth. Min Omolo akalirudia, likamshinda kidogo mwanzoni, akalirudia tena mpaka likakaa.

Niliwatafuta. Nilikwenda ofisi moja hadi nyingine mjini, na kila mahali niliulizwa walikuwa raia wa nchi gani, nami nikataja majina yote mawili ya nchi, wakaniambia nichague moja. Nilisikia watu wa lori lile walipelekwa kambini kaskazini. Nilisikia wengine walirudishwa mpakani. Otieno karani alisikia Faustin alionekana Lusaka, akifundisha, kisha akasikia si yeye. Mtoto, kama yuko hai, sasa ni mwanamke mzima mwenye nywele nyingi, na mahali popote alipo nadhani kuna mtu mwenye meza anamwuliza kwao ni wapi.

Mwaka juzi nilikwenda nyumbani kwa msiba wa shemeji yangu Omolo. Jambo la shamba sikuambiwa mapema. Kabla ya kufa alikuwa ametia kidole kwenye makaratasi ya kampuni ya ng'ambo inayolima pilipili za kupeleka Ulaya, amewakodisha upande wote wa bondeni, miaka mingi kuliko aliyobaki nayo yeyote kati yetu. Walisema ni maendeleo, na vijana wamepata kazi. Nyumba yangu ya udongo wameibomoa. Kuna seng'enge, na ndani yake pilipili zimepangwa mistari iliyonyooka, kijani mpaka mtoni. Nilisimama kwenye lango. Mlinzi alikuwa kijana wa kwetu, Ochieng, mjukuu wa yule Oduor mwenye mbwa, kijana mwenye heshima.

"Dani," akaniambia, neno letu la bibi, "huku hauingii bila ruhusa ya meneja."

Nikamwambia nataka tu kusimama pale, nikamwonyesha kwa fimbo, karibu na bomba la maji. Akaangalia.

"Kuna kaburi?"

"Hakuna kaburi. Mwenyewe yuko hai."

"Sasa kuna nini?"

"Ni kwao mtu."

Akacheka kidogo, bila ubaya. "Mtu gani, Dani?"

"Akoth."

"Akina Akoth ni wengi hapa."

"Nabintu Akoth," nikasema.

Alifikiria kwa bidii kabisa, nilimwona anazipita nyumba zote za kijiji kichwani mwake, moja baada ya nyingine. Kisha akatikisa kichwa, akasema hapa kwetu hakuna mtu wa jina hilo, hamjui. Nikamwambia hata Akoth mwenyewe hajui kwamba hapa ni kwao.